Kalenda ya Pemba kwanza, likizo ya mgeni baadaye

Vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Amerika Kaskazini hufunga Mei au Juni na kufungua Septemba. Hiyo ndiyo nafasi ya kijana wa Toronto, Manchester au Berlin kufunga begi lake na kwenda kujitolea nchi ya mbali. Kisiwani Pemba miezi hiyo ni ya kipupwe. Masika yameshakatika, kusi linavuma, bahari imechafuka na shambani udongo unaanza kukauka. Mvua za mchoo hupita, zikalowesha vumbi, zikaondoka. Mche wa mvinje uliopandwa Julai hauishi kwa mvua hizo. Utaishi kwa ndoo ya maji mpaka vuli ianze, Oktoba au baadaye, na ndoo hiyo itabebwa na mwanamke wa kijijini au mtoto wa skuli, maana aliyeupanda keshapanda ndege kurudi darasani kwake.

Programu nyingi za vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo hupangwa hivyo, kwa kufuata likizo ya mgeni. Anayegundua mapema kwamba tarehe hazipatani na kisiwa, mara nyingi, ni mtu mdogo kuliko wote ofisini: mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, aliyepewa meza ya pembeni na kuambiwa asaidie maandalizi. Makala haya ni ya kumtetea mtu huyo. Nimeyaona maandalizi hayo kwa karibu, na ninaamini kwamba ziara ya vijana hawa hufaulu au huharibika miezi kadhaa kabla hawajashuka bandarini Mkoani au uwanja wa ndege wa Chake Chake. Kijana wa Pemba anayeyafanya maandalizi anastahili sauti kubwa kuliko anayopewa sasa.

Mwaka wa kisiwa una miezi yake

Mwaka 2015, nikiwa mwanafunzi, nilikaa kwenye meza ya aina hiyo katika ofisi moja ndogo mjini Chake Chake. Barua kutoka kwa washirika wa ng'ambo ilisema kundi la vijana lingefika katikati ya Juni, likae na familia za kijijini, likarabati madarasa mchana na kucheza mpira na vijana wenzao jioni. Nikafungua kalenda ya Hijria. Mwaka ule Ramadhani iliingia katikati ya Juni. Kila mstari wa ratiba ile ulikuwa umegongana na mwezi mtukufu: mlo wa mchana wa pamoja, kazi ya saa nane juani, mpira saa kumi na moja wakati nyumba nzima inahangaikia futari. Mratibu wangu aliniambia niandike sababu zangu vizuri, naye akazipeleka kama zilivyo. Tukaomba kundi lije baada ya Idi. Wenzetu walikubali kwa shingo upande, kwa kuwa baadhi ya tiketi zilikuwa zimeshanunuliwa.

Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kawaida. Ndiyo maana mapema muongo uliopita ilikuwa Julai na Agosti, na sasa imeshafika Februari. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na Agosti haitaiona tena mpaka miaka ya 2040. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji mtu aliyelelewa kwenye nyumba inayofunga, aliyekaa kwenye chumba ambamo tarehe zinaamuliwa.

Baada ya Ramadhani kuna karafuu, na hapa ndipo mpangaji wa mbali hupotea zaidi. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na vuno kubwa kwa kawaida huanza kipupwe kinapokwisha na kuendelea hadi miezi ya vuli. Vuno zuri haliji kila mwaka. Linapokuja, kijiji huhamia mikarafuuni: wanaume na vijana wanapanda miti, wanawake na watoto wanaokota mpeta, usiku watu wanachambua makonyo, na asubuhi majamvi yamejaa kando ya barabara mpaka gari hupita kwa tahadhari. Mkutano wa kijiji ulioitishwa saa tatu asubuhi katika wiki hizo utahudhuriwa na wazee wawili na mgeni mwenyewe. Timu ya mpira haitimii, na darasa la Kiingereza la jioni halina wanafunzi. Mgeni asiyeelezwa huondoka akiamini kuwa watu hawa hawajali maendeleo yao, kumbe amewakuta katika wiki ambazo ada ya skuli, bati la nyumba na mahari ya kijana vinatafutwa kwa mkono.

Halafu kuna maji ya bahari. Kilimo cha mwani, kilichoenea Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ni kazi ya wanawake zaidi, na mwani mwingi wa Zanzibar hutoka Pemba. Wanawake wa Micheweni hawapangi kazi zao kwa Jumatatu na Ijumaa. Wanazipanga kwa bamvua na maji mafu. Bamvua likiingia, maji hutoka mbali na wanawake wako pwani kufunga na kuvuna kamba zao. Ukiitisha mafunzo ya ujasiriamali kwa wanawake siku ya bamvua, utawafundisha viti. Wavuvi nao huenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, wiki kadhaa, na nyumba zao hubaki na mama na watoto, jambo linalobadilisha hata uamuzi wa nani anaweza kumpokea mgeni wa kiume.

Yote haya mtoto wa Konde au Kengeja anayajua bila kusoma. Ndiyo sababu ninasema mwanafunzi wa kwenye meza ya pembeni ana elimu ambayo ofisi ya ng'ambo haiwezi kuinunua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo katika maandishi yake ya Ujamaa ya mwaka 1962. Tunayoisahau ni kwamba methali ile inadhani mwenyeji ndiye anayejua shamba liko wapi na msimu wa kulima ni upi. Hakuna mahali ndani yake mgeni anapochagua siku ya kulima.

Barua zinazotembea kwa miguu

Watu wa nje hudhani maandalizi ni barua pepe. Pemba maandalizi ni barua ya karatasi yenye muhuri, na mtu wa kuibeba. Kila wizara ya Serikali ya Mapinduzi ina Afisa Mdhamini wake Pemba. Kundi likitaka kuingia skuli, barua hupita kwa Afisa Mdhamini wa elimu, na likitaka kugusa msitu au mikoko hupita kwa wahusika wa misitu na mazingira. Kisha iko ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na chini yake sheha, ambaye kwa kweli ndiye mlango. Sheha asipojua, kijiji hakijui, hata kama barua imesainiwa Unguja na Dar es Salaam. Zaidi ya hayo kuna uhamiaji: anayekuja kufanya kazi ya kujitolea haingii kwa viza ya utalii, anahitaji kibali kinachomruhusu kufanya kazi hiyo, na maombi yake hayaanzi wiki moja kabla ya safari. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hukata pia bima ya lazima ya safari kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Mwanafunzi wa mafunzo ndiye hufanya orodha ya pasipoti, ndiye hugundua kwamba jina moja limeandikwa tofauti kwenye tiketi, na ndiye hupanda gari ya 602 kwenda Konde na kurudi kwa sababu barua ilikosa nambari ya kumbukumbu.

Kazi hii huonekana ya kitarishi, nami nikiwa kijana niliiona hivyo. Lakini mezani kwa sheha ndipo maswali ya maana huulizwa. Sheha mmoja mtu mzima wa Wilaya ya Wete aliisoma barua yetu polepole, akaikunja, akaniita mwanangu, akataka kujua mambo matatu ambayo hayakuwamo. Wageni watavaa vipi kisimani na barabarani. Wakiugua usiku, gari ya nani itawapeleka hospitali. Na kazi watakayoianza isipokwisha, nani wa kijiji ataimaliza na kwa pesa gani. Nilirudi ofisini tukaiandika programu upya kwa kuyajibu maswali yale. Sijaona fomu ya tathmini ya mashirika makubwa iliyouliza vizuri zaidi yake.

Swali la tatu ndilo zito. Vijana hujenga ukuta wa darasa mpaka usawa wa dirisha, likizo ikaisha. Nchi hii ina majengo ya kutosha yaliyosimama hapo. Mpangaji mwenye busara huanza na mwisho: bati, milango, fundi wa kumalizia na fedha yake viwe vimethibitishwa kabla ya tofali la kwanza. Kama haviwezi kuthibitishwa, basi kundi lifanye kazi ndogo inayokwisha.

Nyumba, maji na bahari

Familia mwenyeji huchaguliwa kwa kuzungukwa mlango kwa mlango, na mwanafunzi wa kike hufika asikofika mratibu wa kiume. Yeye huingia ndani, huona chumba, huuliza choo kiko wapi na maji yanatoka lini. Huzungumza na mama mwenye nyumba peke yake, nje ya masikio ya mume, kwa sababu mzigo wa mgeni utamwangukia mama huyo: ndoo mbili zaidi za maji kwa siku, mkaa zaidi, samaki zaidi, na aibu ya kutompa mgeni muhogo na shelisheli kila siku hata kama ndicho chakula cha nyumba. Programu nzuri hulipa nyumba, na fedha hiyo huwekwa mkononi mwa mama na kuandikwa kwa jina lake. Programu mbaya huita ukarimu jambo la mila, ikaacha familia ikopeshwe unga dukani ili mgeni ale vizuri. Nimeisikia hoja kwamba malipo huharibu ukarimu. Siikubali. Ukarimu wa Mpemba umekuwapo karne nyingi na haufi kwa kulipiwa mkaa.

Afya inataka ukali. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijaisha, na mgeni anahitaji chandarua na dawa zake. Lenye kusahauliwa zaidi ni kichocho. Pemba ina mabwawa na vijito ambamo konokono wa kichocho huishi, na vijana wa nchi za baridi wakiona maji yaliyotulia chini ya minazi hutaka kuoga. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, imekuwa ikipambana na kichocho na minyoo tangu ilipofunguliwa mwaka 2000. Hakuna sababu ya kundi lolote kuja kisiwani bila wataalamu wa aina hiyo kuombwa kuzungumza nalo siku ya kwanza. Mwanafunzi anayejua bwawa lipi la kijiji lina ugonjwa ameshaokoa matibabu ya mtu.

Na bahari. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Hakuna familia ya kisiwani isiyomjua mtu aliyekuwamo. Kwa hiyo mpangaji wa Pemba anapokataa kundi lisafiri kwa jahazi la bei rahisi wakati wa kusi, au anapotaka maboya ya kujiokolea yahesabiwe kabla ya kwenda kisiwa kidogo, asiambiwe anachelewesha kazi.

Kuhusu watoto, Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na haina kifungu kinachomwondoa mgeni mwenye nia njema. Kijana wa miaka 19 asiyekaguliwa kwao asiachwe peke yake na watoto wa skuli, wala asipige picha za watoto wa watu na kuzisambaza. Huko kwao asingeruhusiwa. Mwanafunzi wetu anayeandaa programu awe na mamlaka ya kulisema hilo mbele ya kundi zima, kwa sauti ya kawaida, bila kuogopa kwamba ataharibu uhusiano na wafadhili.

Tulikotoka na wageni hawa

Wazo lenyewe la vijana kwenda kujitolea nchi nyingine si geni. Mwaka 1920, Mswisi Pierre Cérésole aliwakusanya vijana wa mataifa yaliyokuwa yakipigana ili wajenge upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, na kutoka hapo zikazaliwa kambi za kazi za kimataifa. Uingereza lilianzishwa shirika la kujitolea la VSO mwaka 1958. Marekani ilianzisha Peace Corps mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake. Walikuwa wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi wa barabara, waliofundishwa kwanza El Paso, Texas, na kumalizia mafunzo Tengeru karibu na Arusha. Kundi lile la kwanza linanivutia kwa jambo moja: lilikuja kwa kazi ambayo serikali ya nchi changa iliiomba kwa jina, yaani barabara, na likakaa muda wa kutosha kuifanya. Vivyo hivyo madaktari wa jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakipokezana Zanzibar tangu 1964, wakiwamo wanaohudumu Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Hao si vijana wa likizo. Ila wanatufundisha kuwa mgeni mwenye faida ni yule anayerithiwa nafasi yake, kazi ikaendelea.

Pemba yenyewe ina mfano wake, na nauthamini kuliko yote. Kijana wa Kanada, Jeff Schnurr, aliyekuwa amefanya kazi ya kupanda miti kwao, alifika kisiwani akiwa msafiri. Watu aliokaa nao walimsikiliza akisimulia kazi ile, wakamwambia kwamba wao nao wanataka kupanda miti. Ombi lilitoka kwa mwenyeji. Kutokana na urafiki wake na Mbarouk Mussa Omar wa Pemba, mwaka 2008 likaundwa shirika la Community Forests International, lenye makao Sackville, jimbo la New Brunswick, na upande wa huku likakua shirika la wenyewe, Community Forests Pemba. Miti iliyopandwa imepita milioni moja. Katika kisiwa kidogo cha Kokota, magharibi ya Pemba, palikuwa na shida kubwa ya maji na miti ilikuwa imekatwa. Huko walipanda miti, wakajenga mfumo wa kuvuna maji ya mvua na kuweka umeme wa jua. Kazi ile haikusubiri likizo ya mtu. Vitalu vilikuwa vya vijiji na wapandaji walikuwa wanavijiji. Mgeni alikuwa mmoja wao.

Hata popo wa Pemba ana habari ya kutueleza. Mnyama huyu hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humu, na mwaka 1996 aliwekwa kwenye daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Wataalamu wa nje walikuja, wakahesabu, wakaeleza. Lakini waliomwokoa ni wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliounda klabu zao na kuilinda miti anayolala. Leo yuko kwa maelfu na daraja lake la hatari limeshushwa.

Wawili wawili

Kama ningeulizwa programu ipangwe vipi, ningesema: wawili wawili, mgeni na mwenyeji, kwa haki sawa. Jambo hili limeshajaribiwa. Shirika la Canada World Youth, lililoanzishwa na Jacques Hébert mwaka 1971, liliwaweka vijana wa Kanada na wa nchi nyingine pamoja, nusu ya muda Kanada na nusu nchi ya mwenzake. Mpango wa Uingereza wa International Citizen Service, ulioanza 2011 kwa vijana wa miaka 18 hadi 25, uliendeshwa Tanzania na mashirika ya VSO na Raleigh kwa utaratibu wa kuwachanganya vijana wa Uingereza na Watanzania katika kundi moja, nyumba moja na kazi moja, mpaka Uviko-19 ulipousimamisha mwaka 2020. Ujerumani ilianzisha weltwärts mwaka 2008 ikipeleka vijana wake nje, na kuanzia 2013 ikafungua njia ya pili ili vijana wa nchi zinazopokea nao waende kujitolea Ujerumani.

Njia hiyo ya pili ndiyo ipimwe kwa makini. Ikiwa kijana wa Hamburg anaweza kufundisha Wete bila kuwa mwalimu, kijana wa Wete anayejua mikoko, mwani na hali ya bahari ana kitu cha kuwafundisha watu wa Hamburg. Kinachomzuia ni viza na fedha. Uwezo anao. Kila mkataba wa programu unaosainiwa na shirika la Pemba uwe na nafasi za kwenda, hata kama ni mbili tu kwa mwaka, na mwanafunzi aliyeandaa mapokezi awe wa kwanza kufikiriwa.

Hapo narudi kwa huyo mwanafunzi na malipo yake. Kisiwani kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na vijana wengi wa Pemba husoma Unguja au bara na kurudi nyumbani kufanya mafunzo kwa vitendo. Mara nyingi hawalipwi. Nauli ya kwenda Micheweni ni yao, muda wa maongezi kwenye simu ni wao, chakula cha mchana ni chao. Katika bajeti hiyo hiyo, mgeni wanayemwandalia amewekewa tiketi, bima, malazi, usafiri wa ndani na safari ya kutembelea Msitu wa Ngezi mwishoni mwa wiki. Ripoti ikitoka, jina la mwanafunzi halimo. Siilaumu ofisi moja kwa hili, limekuwa desturi, na desturi hiyo ni dhuluma. Inawafukuza pia vijana wa kimasikini kwenye kazi hii, kwa sababu anayeweza kufanya kazi miezi miwili bila posho ni yule ambaye nyumbani kwao kuna mtu wa kumlisha. Binti wa mkulima wa mwani, ambaye ndiye angeijua kalenda ya bamvua kuliko mtu yeyote ofisini, hukosa nauli akaacha.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kujitolea kwa Maendeleo Endelevu. Maazimio ya aina hii huleta makongamano na fulana. Kwa Pemba yangeweza kuleta kitu cha faida zaidi iwapo walio na kalamu wangefanya yafuatayo, nami nawaomba wayafanye.

Mashirika ya ng'ambo yatume tarehe zao Pemba kabla ya kununua tiketi, yangoje jibu, na jibu likiwa hapana yalipokee. Mashirika ya Pemba yaache kukubali kila kundi kwa hofu ya kumpoteza mfadhili. Kundi linaloweza kuja Julai peke yake lipewe kazi ya Julai, kama kutengeneza vitalu kwa ajili ya vuli, kukarabati matangi ya maji ya mvua, au kusomesha kompyuta kwa walimu walio likizo, badala ya kupewa miche itakayokufa. Vyuo vinavyopeleka wanafunzi kwenye mafunzo visikubali nafasi isiyo na nauli wala posho, na viyaandike hayo kwenye makubaliano. Masheha waendelee kuuliza maswali yao magumu na wasione haya kurudisha barua.

Na wewe mwanafunzi uliyepewa kazi ya kusaidia maandalizi mwaka huu, andika unachokijua na ukiweke mezani kwa maandishi: tarehe za Ramadhani na Idi, miezi ya karafuu katika wilaya yako, siku za bamvua, bwawa la kichocho, nyumba ambayo mama yake amechoka. Weka jina lako chini ya karatasi hiyo. Kisha omba posho yako bila kuinamisha kichwa.